Majimbo ya Marekani yanazidi kutambua sarafu za dhahabu na silva kuwa pesa halali. Nani hasa anafaidika?

#1 Dereva wa Ogden
Wakuu, salaam. Niko Utah, kazi yangu malori. Kuna jambo hapa ambalo Waswahili wengi tulioko Marekani tunalipita bila kulitazama. Mwaka 2011 gavana wa wakati huo, Gary Herbert, alisaini sheria inayozitambua sarafu za dhahabu na silva zilizotolewa na serikali kuu ya Marekani kuwa pesa halali ya malipo ndani ya jimbo. Utah ndiyo iliyofungua njia. Ikaja Oklahoma 2014, Wyoming 2018, Arkansas 2023, Louisiana 2024, kisha 2025 zikafuatana Florida, Texas na Missouri.

Sasa mimi najaza mafuta kwa kadi, nalipa pango kwa benki, nakula hotelini kwa noti. Sijawahi kumwona mtu akiweka sarafu ya dhahabu kaunta. Kama haitumiki, sheria ni ya nini? Msimamo wangu ni kwamba hii ni sheria ya kodi, basi. Wenye dhahabu wametafuta namna ya kupunguziwa kodi, wakaipa jina zuri. Anayeona vingine aje na hoja.

#2 Mchumi wa Kona
Uzi mzuri, mkuu. Ila usiishie kwenye kodi. Soma Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 10. Inakataza jimbo lolote kufanya kitu kingine chochote kuwa pesa halali ya kulipia madeni isipokuwa sarafu za dhahabu na silva. Kwa hiyo majimbo hayajabuni kitu, wamerudi kwenye maandishi ya mwaka 1787. Swali lako ungeligeuza: kwa nini walikaa muda wote huo bila kuyatumia?

#3 Pweza Mkavu
Nimekaa mbele kabisa. Dereva, nitumie moja tu ya silva nikaijaribishe Kariakoo.

#4 Kijana wa Katoro
Mchumi kasema kweli. Kumbe kila jimbo la Marekani lina haki ya kufyatua sarafu zake! Tatizo lilianza 1971 Nixon alipowanyang'anya wananchi dhahabu zao, tangu hapo dola ikawa karatasi tupu. Majimbo sasa yamezinduka.

#5 Wakili wa Mtaa
Katoro, taratibu ndugu yangu. Kifungu hichohicho cha 10 kinayakataza majimbo kutengeneza sarafu. Ni sentensi moja: jimbo lisitengeneze sarafu, lisitoe noti, lisifanye pesa halali kitu kisichokuwa sarafu ya dhahabu au silva. Kutengeneza sarafu ni kazi ya Bunge la taifa, kifungu cha 8. Ndiyo maana Utah haikufyatua hata sarafu moja, ilitambua zile ambazo Washington imeshazitengeneza.

Na aliyechukua dhahabu za wananchi si Nixon. Ni Franklin Roosevelt, kwa amri ya tarehe 5 Aprili 1933. Watu walitakiwa kupeleka sarafu na vipande vya dhahabu benki kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi, wakabakiziwa sarafu za hadi dola 100 kwa mtu, pamoja na zile adimu za wakusanyaji. Januari 1934 bei ikapandishwa hadi dola 35. Pigeni hesabu wenyewe nani alibaki na tofauti hiyo. Raia waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru mwisho wa 1974. Alichofanya Nixon Agosti 1971 ni kufunga dirisha ambalo serikali za nje zilikuwa zikibadilishia dola kwa dhahabu.

#6 Kijana wa Katoro
Wakili, Roosevelt au Nixon, kwa mchimbaji ni yaleyale. Mali ilikuwa mkononi mwa mwananchi, ikaishia hazina. Hofu ya watu wa Texas mimi naielewa vizuri kabisa.

#7 Bibi Mwanakombo
Wanangu, hamjambo? Nawasoma kutoka Unguja. Wakili, ningependa utueleze hicho kifungu kilitoka wapi. Watu hawaandiki sheria kali namna hiyo bila kuwa wameungua.

#8 Wakili wa Mtaa
Shikamoo Bibi. Waliungua kweli. Kwenye vita vya uhuru Bunge lao lilichapisha noti nyingi mno hadi zikawa hazina thamani. Baada ya vita, majimbo nayo yakaendelea na noti zao. Kisa ninachokipenda ni cha Rhode Island, 1786. Jimbo lilitoa noti, likapitisha sheria ya kumwadhibu yeyote atakayezikataa kwa thamani iliyoandikwa. Mtu mmoja, John Trevett, akaenda kwa muuza nyama wa Newport aitwaye John Weeden, akachagua nyama, akatoa noti. Weeden akakataa kuzipokea kwa thamani hiyo. Akapelekwa mahakamani chini ya sheria iliyomnyima hata baraza la wazee wa mahakama. Majaji wakasema shauri hilo hawalisikilizi, na Baraza la Kutunga Sheria likawaita majaji wenyewe wajieleze!

Mwaka uliofuata wajumbe wakakutana Philadelphia kuandika Katiba. Waliokuwa wakiwadai watu pesa walikuwa na hamu kubwa ya kuyafunga majimbo mikono. Kwa hiyo Mchumi yuko sawa kuhusu maandishi, lakini shabaha yake ilikuwa kuyazuia majimbo, haikuwa kuyapa mamlaka.

#9 Mchumi wa Kona
Hapo nakupinga, Wakili. Kuzuiwa kila kitu isipokuwa kimoja maana yake hicho kimoja kimeachwa wazi. Kama jimbo halikatazwi kuitambua dhahabu, basi linaweza.

#10 Wakili wa Mtaa
Linaweza, hilo silikatai. Lakini dola nayo ni pesa halali kwa sheria ya taifa, na Mahakama ya Juu iliithibitisha noti katika kesi za 1871 na 1884. Jimbo haliwezi kusema dola isipokelewe. Linaloweza ni kuongeza kiti pembeni. Kama kuna mtu atakikalia ndilo swali la Dereva.

#11 Mama Zuwena, Houston
Salaam wote. Mimi naishi Texas na nimenunua silva, niwaambie ilivyo. Unaingia duka la sarafu, wanakuonyesha bei ya soko la dunia kwenye skrini, halafu wanakupandishia juu yake. Zile sarafu za tai, American Silver Eagle, zinakuja ishirini ishirini ndani ya kibomba cha plastiki. Aunsi moja kila sarafu, zimeandikwa dola 1.

Siku niliporudisha chache kuuza, jamaa wa dukani alizimwaga kwenye kitambaa, akachagua moja akaipima uzito, akaipitisha kwenye mashine yake, nyingine akaigonga kwa kucha na kusikiliza mlio. Kisha bei aliyonipa ilikuwa chini ya ile ya skrini. Nimepoteza wakati wa kununua, nikapoteza tena wakati wa kuuza. Pesa gani hiyo inayokula pande mbili? Noti ya dola 20 nikiingia nayo dukani inatoka dola 20.

#12 Sonara wa Kwahani
Dada Zuwena, huyo bwana alifanya kazi yake vizuri. Mimi ni sonara, nafanya hivyohivyo. Mtu akileta kitu cha dhahabu sitazami mhuri peke yake, nakisugua kwenye jiwe natia tindikali naangalia rangi. Mhuri anaweza kugonga yeyote. Sasa mwambieni msichana wa kaunta ya duka la vyakula afanye hivyo huku foleni imefika mlangoni.

#13 Kijana wa Katoro
Sonara umegusa ninapojua. Huku Geita tuna soko la madini tangu 2019. Dhahabu inapimwa, inachomwa, inapimwa tena, usafi unasomwa kwenye mashine, ndipo bei inasemwa. Na bado watu wanagombana! Kila pesa ya chuma inahitaji mtu wa kati anayejua kupima, na huyo mtu wa kati lazima ale. Mama Zuwena alichokutana nacho si wizi, ni gharama ya kutomwamini mtu.

#14 Dereva wa Ogden
Mnanisaidia hoja. Kama kaunta haiwezekani, basi faida iko kwenye kodi. Sikilizeni: sarafu ya American Gold Eagle ya aunsi moja imeandikwa dola 50. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi. Tuseme uliinunua dola 2,000 ukaiuza 4,000. Serikali kuu inasema umepata faida ya 2,000, na inaihesabu sarafu kama mali ya mkusanyaji, kodi hadi asilimia 28. Utah ikisema hii ni pesa, basi kwa upande wa jimbo umebadilisha pesa kwa pesa na hakuna faida ya kutoza. Arizona ni mfano safi: gavana Jan Brewer aliukataa mswada wa pesa halali 2013, lakini 2017 jimbo likafuta kodi yake ya faida kwenye sarafu. Waliacha mengine yote, wakachukua kodi.

#15 Mchumi wa Kona
Dereva, hoja yako inakwama mpakani. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Florida haina. Wyoming haina. Hiyo kodi ya faida waliyotaka kuikwepa huko ni ipi, kama jimbo haliitozi?

#16 Dereva wa Ogden
Kuna kodi ya mauzo, mkuu. Florida ilikuwa inasamehe manunuzi ya zaidi ya dola 500 tu, mnunuzi mdogo analipa. Sheria ya 2025 inaondoa kikomo hicho kwa sarafu zinazotambuliwa. Bado ni kodi.

#17 Mama Zuwena, Houston
Texas hiyo ya mauzo kwenye dhahabu na silva ilishaondolewa 2013. Kwa hiyo kwetu hoja ya kodi haishiki, kaka Dereva.

#18 Pweza Mkavu
Dereva kabanwa kona mbili kwa mpigo 😂 Mkuu, lori likikwama huwa unaweka gia ya nyuma.

#19 Nahodha wa Muttrah
Assalaam aleikum. Niko Muscat. Mnaikosa Texas. Texas inataka ghala. Mwaka 2011 mfuko wa vyuo vikuu vya Texas ulishika dhahabu ya karibu dola bilioni 1, imehifadhiwa New York. Wanasiasa wakauliza: mali ya Texas inakaa New York kwa nini? Mwaka 2015 gavana Greg Abbott akasaini sheria ya kuanzisha hifadhi ya jimbo ya madini ya thamani, ikafunguliwa 2018, na sasa iko Leander, karibu na Austin. Sheria ya 2025 inajengwa juu ya ghala hilo: unaweka dhahabu yako pale, unapata akaunti, unalipa kwa kadi kama unavyolipa sasa. Itaanza Mei 2027. Hapo shida ya Sonara ya kusugua jiwe inakwisha, kwa sababu kupima kumeshafanyika mara moja pale ghalani.

#20 Kijana wa Katoro
Nahodha, lakini sasa ile hofu ya 1933 imekwenda wapi? Umeitoa dhahabu benki kwa kuogopa serikali, ukaipeleka kwenye ghala la serikali. Siku ya amri, wakipita wanaanza wapi? Wanaanza pale zilipo zote kwa pamoja, na orodha ya majina iko tayari.

#21 Nahodha wa Muttrah
Ndiyo maana ni ghala la jimbo na si la Washington. Watu wa Texas wanaamini gavana wao atasimama mlangoni.

#22 Wakili wa Mtaa
Wanaamini, na sheria yenyewe iliandikwa kwa roho hiyo: inasema amri ya mamlaka ya nje ya kutaifisha mali iliyoko pale ni batili. Kama maneno hayo yatasimama mbele ya mahakama ya taifa ni jambo lingine. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ilisikiliza watu waliokuwa na mikataba inayosema "nitalipwa kwa dhahabu", na mwisho wa yote wakalipwa dola za karatasi.

#23 Bibi Mwanakombo
Wanangu, mimi nataka kuwaleta nyumbani kidogo, kwa sababu haya si mageni pwani. Mnaijua riale ya Maria Theresa? Silva, ina picha ya mwanamke mnene mwenye shela, na mwaka ni 1780, hata zile zilizopigwa karne iliyofuata na zaidi. Ilikuwa pesa ya biashara hapa Unguja, Arabuni na Habasha. Bibi yangu alikuwa nazo kwenye kisanduku cha mvule pamoja na udi. Nyingine zilikuwa zimetobolewa juu zikavaliwa shingoni, na ukingo una herufi zilizoinuka ambazo ukipitisha ukucha unazisikia. Alitwambia ukingo ndio unaotazamwa, kwa sababu mwizi wa silva hukwangua hapo.

Jambo la kuwaambia ni hili. Austria yenyewe iliiondoa katika pesa halali mwaka 1858. Kwao haikuwa pesa tena, lakini kiwanda cha Vienna kikaendelea kuipiga kwa sababu watu wa huku waliitaka. Hakuna sultani aliyemlazimisha mfanyabiashara wa karafuu. Sasa hao wa Utah wana sheria na hawana wapokeaji. Sisi tulikuwa na wapokeaji.

#24 Sonara wa Kwahani
Bibi, bado zinaletwa kwangu mojamoja. Gramu 28 na kidogo, silva yake 833 kwa elfu. Vikuku vingi vya zamani vya silva nilivyorithi kuvitengeneza vilitokana na riale zilizoyeyushwa. Na Seyyid Barghash naye alipiga riale yake mwaka 1882, nzuri kweli, lakini haikuiondoa ile ya mwanamke wala rupia ya Kihindi sokoni.

#25 Mwalimu wa Isevya
Na Tabora je? Mnaisahau. Mwaka 1916 Wajerumani walikosa pesa kwa sababu manowari za Waingereza zilifunga bahari. Wakapiga sarafu za dhahabu za maki 20 Tabora, za kulipia askari.

#26 Kijana wa Katoro
Mwalimu, si maki. Ni rupia 15, ndivyo ilivyoandikwa, yenye tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, zikapigwa kwenye karakana ya reli Tabora. Gramu 7 na kidogo, usafi robo tatu. Hiyo nimeishika mkononi, mzee mmoja mnunuzi anayo na haiuzi kwa bei yoyote.

#27 Mwalimu wa Isevya
Rupia 15, sawa kabisa, na hapo ndipo ninapotaka kufika. Ile ilikuwa dhahabu halisi na ilikuwa pesa halali ya koloni, lakini hata huyo mzee wako haitumii. Zilifichwa. Pesa nzuri na pesa mbaya zikiwa na nguvu sawa kisheria, mtu analipa kwa ile mbaya anaficha nzuri. Wazungu wanaiita kanuni ya Gresham, lakini kila mwenye kibubu anaijua. Hilo ndilo jibu la Dereva: hauoni dhahabu kaunta kwa sababu hakuna mwenye akili atakayeitoa wakati ana dola mfukoni.

#28 Dereva wa Ogden
Mwalimu hapa umenigusa. Kuna Mmarekani ninayefanya naye kazi, kila akirudishiwa chenji anageuza robo dola kuangalia mwaka. Za 1964 kurudi nyuma zina silva asilimia 90. Sheria ya 1965 iliitoa silva kwenye robo dola, na watu wakazikusanya zote. Mpaka leo anatafuta!

#29 Bibi Mwanakombo
Hata shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba, ilikuwa na robo ya silva kuanzia 1921, na kuanzia 1948 haikuwa nayo. Wazee waliziweka za zamani.

#30 Mchumi wa Kona
Mwalimu, Gresham inafanya kazi pale sheria inapolazimisha thamani moja. Utah na Florida hazilazimishi. Hakuna anayelazimika kulipa wala kupokea dhahabu, na inapokelewa kwa thamani ya soko ya siku hiyo. Pesa zikiachwa zishindane kwa bei, hakuna mbaya inayoifukuza nzuri. Ron Paul, aliyekuwa mbunge wa Texas, alilipigia kelele hili miaka mingi: acheni watu wachague. Mimi naona sheria hizi ni mlango wa dharura. Hujengi mlango wa dharura kwa sababu jengo linawaka leo.

#31 Mama Zuwena, Houston
Thamani ya soko ndiyo inayonitisha. Silva ilikaribia dola 49 Aprili 2011, mwezi uleule sheria ya Utah ikiwa mpya. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Dhahabu ilitoka karibu 1,900 ikashuka hadi 1,050 hivi. Mtu aliyebadilisha mshahara wake kuwa silva 2011 alipe pango 2015 kwa nini? Leo bei iko juu kila mtu ni mwanachuo wa dhahabu.

#32 Mchumi wa Kona
Dada, na aliyeshika dola tangu 1933? Dola 20.67 ilinunua aunsi nzima. Leo hainunui hata punje.

#33 Mama Zuwena, Houston
Pango langu silipi kila miaka tisini, nalipa kila mwezi.

#34 Pweza Mkavu
Mama Zuwena usimguse tena, muache apumue.

#35 Mfanyabiashara wa Harare
Wakuu, nafika Zimbabwe mara kwa mara kibiashara. Julai 2022 Benki Kuu yao ilitoa sarafu ya Mosi-oa-Tunya, aunsi moja ya karati 22, kuanzia dola 1,823.80. Lengo lilikuwa watu waache kukimbilia dola za Marekani. Wenye pesa walinunua, mama ntilie hakununua, angepata wapi dola elfu moja na mia nane? Sokoni biashara iliendelea kwa noti za dola za Marekani, zilizochakaa mpaka zinataka kukatika. Na Aprili 2024 wakaanzisha pesa mpya, ZiG, wakasema imeegemea dhahabu. Kutambua sarafu hakukumfikia mtu wa chini, ndiyo hofu yangu hata kwa hizo za Marekani.

#36 Nahodha wa Muttrah
Mfano mwingine wa jimbo dhidi ya serikali kuu: Kelantan, Malaysia, 2010. Serikali ya jimbo ilitoa dinari za dhahabu na dirhamu za silva, maduka kadhaa yakapokea. Kuala Lumpur ikajibu kwamba pesa ni jambo la serikali kuu na hizo si pesa halali. Kelantan hawakuwa na kifungu kama kile cha Marekani, ndiyo tofauti. Huku Muscat hakuna sheria inayosema bangili ni pesa, lakini nikiingia soko la Muttrah na bangili ya mke wangu natoka na rial kabla chai haijapoa.

#37 Sonara wa Kwahani
Mke wako anajua? 😄

#38 Mwalimu wa Isevya
Afrika Kusini wana jibu safi zaidi. Krugerrand, tangu 1967, ni pesa halali na haina thamani iliyoandikwa juu yake. Ina dhahabu aunsi moja, basi. Marekani wakaandika dola 50 juu ya kitu cha maelfu, wakazua matatizo.

#39 Wakili wa Mtaa
Matatizo kweli. Kuna mkandarasi wa Las Vegas aliwalipa wafanyakazi wake kwa sarafu za dhahabu na silva, akahesabu mishahara kwa thamani iliyoandikwa, ile ya dola 50. Kwa hesabu hiyo mshahara ulikuwa mdogo mno kutozwa kodi. Alisema: si mmeandika wenyewe kwamba ni dola 50? Mahakama ya shirikisho ikamtia hatiani 2009 na akafungwa. Kwa hiyo jamaa yeyote wa huko anayesoma uzi huu, msikubali mtu awaambie mlipwe kwa mtindo huo. Sheria ya jimbo haitawakinga na kodi ya taifa.

#40 Binti wa Provo
Samahani kwa kuchelewa. Dereva anasema hajaona, mimi nimeona, na niko Utah hiihii. Kuna maduka yana kibandiko mlangoni kwamba wanapokea Goldback. Ni kama noti, nyembamba, ndani yake kuna utando wa dhahabu unaong'aa ukiinua kwenye mwanga. Nimenunulia asali na sabuni kwa hizo kwenye soko la wakulima. Ndiyo pesa ya jimbo la Utah.

#41 Dereva wa Ogden
Binti, asante. Lakini Goldback si pesa ya jimbo, ni ya kampuni binafsi iliyoanza 2019. Sheria ya Utah ya 2011 inazungumzia sarafu za serikali kuu. Na kipande kimoja kina dhahabu ya sehemu moja ya elfu ya aunsi, ila unakinunua kwa karibu mara mbili ya dhahabu iliyomo.

#42 Binti wa Provo
Sawa, si ya jimbo. Lakini muuza asali aliipokea bila kupima, bila tindikali na bila mashine, akanirudishia chenji. Hicho ndicho wote mmesema hakiwezekani tangu ukurasa wa kwanza. Sheria ya 2011 ndiyo iliyowapa watu hawa ujasiri wa kujaribu. Bila hiyo kampuni ingeanzia Utah kwa nini?

#43 Mchumi wa Kona
Naomba post ya Binti ibandikwe juu.

#44 Kijana wa Katoro
Nami niseme langu la mwisho kabla sijaingia shimoni. Kule Marekani 1896 kulikuwa na uchaguzi mzima juu ya hili. Wakulima waliokuwa na madeni waliichukia dhahabu, walitaka silva ipigwe kwa wingi, aunsi kumi na sita za silva kwa moja ya dhahabu, ili mazao yapande bei walipe madeni. Mgombea wao, William Jennings Bryan, akashindwa. Dhahabu ilikuwa pesa ya anayedai. Leo ndugu zetu wengi huko wana mkopo wa gari, wa nyumba, wa chuo. Mtu mwenye madeni anashangilia vipi pesa ngumu?

#45 Wakili wa Mtaa
Katoro leo umenifurahisha. Ongezea kwamba hata ndani ya vyama vinavyopitisha sheria hizi hawaelewani. Machi 2025 gavana Spencer Cox wa Utah hiyohiyo alikataa kusaini mswada wa kuwalipa wanaoiuzia serikali bidhaa kupitia mfumo wa kielektroniki ulioegemea madini.

#46 Mama Zuwena, Houston
Wakili, swali la vitendo. Mei 2027 ikifika, mwenye nyumba wangu anaweza kunidai pango kwa dhahabu? Au mimi nikimpelekea, anaweza kukataa?

#47 Wakili wa Mtaa
Anaweza kukataa, na hawezi kukulazimisha. Angalia mkataba wako: kama unasema dola, ni dola. Hatari ni mkataba mpya. Mtu akikuletea karatasi yenye kipengele cha kulipa "kwa dhahabu au thamani yake siku ya malipo", usisaini hata kama anasema ni kawaida. Tangu 1977 sheria ya taifa inaruhusu vipengele hivyo kwenye mikataba mipya, na dhahabu ikipanda pango litapanda nayo.

#48 Dereva wa Ogden
Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, na linaanza kunipa jibu la nani anafaidika. Mwenye mkataba mpya wa pango wa Utah au Texas aangalie kama kipengele hicho kipo, atuwekee maneno yake hapa, afiche majina.

#49 Binti wa Provo
Mimi nasaini mpya mwezi ujao. Nitaangalia niwaletee.